Kipimo cha Dawa kwa Mtoto Mahututi

Katika nyumba zetu za hapa Kasumulu, na kadhalika Kyela mjini, Ipinda na Matema, mtoto akishikwa na homa kali akapelekwa hospitali, waliobaki nyumbani huuliza: "Amepewa dawa gani?" Jibu likiwa ni sindano, nyoyo hutulia, likiwa ni sindano "kali", nyoyo hutulia zaidi. Lakini liko swali jingine ambalo aghalabu haliulizwi, nalo limebeba uhai wa mtoto: amepewa kiasi gani, kwa uzito gani, na saa ngapi? Ndugu wasomaji, makala haya yanahusu swali hilo la pili, na tungependa vijana walio madarasani wayasome pamoja na mama zao, kwani ndani yake mna hesabu kidogo.

Kwanza tufahamu maradhi yenyewe. Vijidudu vya aina ya bakteria huweza kuingia katika damu ya mtoto kwa njia ya mapafu, ya kitovu, ya tumbo au ya jeraha, vikaenea mwili mzima. Mtoto huchemka kwa homa. Au akiwa mchanga sana, mwili hupoa badala ya kuchemka. Huacha kunyonya, hupumua mbio, hulegea mikono na miguu. Katika bonde letu lenye mbu wengi, dalili hizo zote huitwa malaria, na mara nyingi ni malaria kweli. Walakini si malaria kila mara, na pengine ni malaria pamoja na hayo mengine. Katika hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya, tangu mwaka 1998 wataalamu walianza kuotesha damu ya watoto waliolazwa ili waone kama mna bakteria. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2005: zaidi ya robo ya vifo vyote vya watoto hospitalini humo vilikuwa vya watoto wenye bakteria ndani ya damu, na wengi wa watoto hao walikufa kabla ya siku mbili kutimia tangu walipofikishwa.

Nchini kwetu, kule Muhimbili, Dar es Salaam, walichunguzwa watoto 1,828 waliolazwa katika miaka ya 2001 na 2002. Karibu mmoja katika kila saba alikutwa na vijidudu ndani ya damu. Wale waliokuwa na bakteria wa jamii iitwayo Gram-hasi walikufa takriban 43 katika kila 100, ilhali wenye malaria walikufa 20 katika kila 100. Kadhalika ilionekana kuwa mtoto aliyepewa dawa ambayo vijidudu vyake vimekwisha kuizoea alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Basi mtu asidhani ya kuwa jambo hili ni la vitabuni tu.

Dawa zinazopambana na bakteria huitwa antibayotiki. Kwa mtoto mahututi hutolewa kwa sindano, na zilizo mashuhuri katika hospitali zetu ni ampisilini au penisilini pamoja na gentamisini, na vilevile seftriaksoni. Kila moja ina kipimo chake kwa kila kilo ya uzito. Mathalan gentamisini, kwa mtoto aliyepita umri wa mwezi mmoja, ni miligramu 7.5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Mtoto wa kilo 6 atapata miligramu 45. Akikadiriwa kwa macho tu kuwa ana kilo 8, atapewa 60; akikadiriwa kilo 4, atapewa 30. Hiyo ndiyo sababu muuguzi mwenye ujuzi humweka mtoto juu ya mizani hata kama mama analia na baba anahimiza. Nusu dakika ya mizani si ucheleweshaji.

Kwa mtoto mchanga hesabu ni nyembamba zaidi. Kwa utaratibu wa Shirika la Afya Ulimwenguni, aliyezaliwa na uzito mdogo hupewa katika juma lake la kwanza miligramu 3 kwa kila kilo. Aliyezaliwa na uzito wa kawaida hupewa 5. Na akipita juma hilo hupandishwa hadi 7.5. Sasa mtazame mtoto wa kilo 2 aliyezaliwa jana. Haki yake ni miligramu 6. Chupa ya gentamisini inayopatikana kwa wingi ina miligramu 80 katika mililita 2, maana yake 40 katika kila mililita. Miligramu 6 ni mililita 0.15, nayo ni kama matone matatu. Ikiwa nukta ya desimali itasogea mahali pamoja tu, atapewa mililita 1.5, yaani miligramu 60, mara kumi ya haki yake. Tena iko chupa nyingine, ya watoto, yenye miligramu 20 katika mililita 2. Mwenye kuzoea chupa moja akapewa nyingine bila ya kusoma maandishi, atakosea mara nne kwa kuzidisha au mara nne kwa kupunguza. Kwa ajili hiyo hupendekezwa chupa ile kali izimuliwe kwanza ifikie mililita 8, ili kila mililita iwe na miligramu 10, na bomba la sindano lipate kiasi kinachoonekana kwa macho.

Pengine msomaji atasema: kama hesabu ni kuzidisha kilo kwa miligramu, basi kazi imekwisha. Laiti ingekuwa hivyo! Ugumu wenyewe unaanzia hapo, kwa sababu mwili wa mtoto mahututi haukai katika hali moja.

Sisi watu wa bonde hili tunaijua habari ya maji. Mto Songwe ukiwa ndani ya kingo zake humzamisha mtu mzima. Ukifurika, maji yale yale hutandaa mashambani mwa mpunga yakafika kwenye kifundo cha mguu tu. Maji hayakupungua, bali yametandaa. Ndivyo inavyokuwa katika mwili ulioshambuliwa na bakteria. Mishipa midogo ya damu huvuja, maji hutoka na kuingia katika nyama, daktari naye huongeza mengine kwa dripu. Gentamisini husafiri na maji. Maji yakitandaa, dawa nayo hutandaa, ikawa nyepesi katika damu mahali ilipotakiwa iwe nzito. Mtoto mchanga, hata akiwa mzima, zaidi ya thuluthi mbili ya mwili wake ni maji, kwa hiyo kwake mafuriko haya ni makubwa zaidi kuliko kwa mtu mzima.

Kisha kuna njia ya kutokea, nayo ni figo. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, nusu ya gentamisini hutoka katika muda wa saa mbili hadi tatu. Kwa mtoto mchanga, ambaye figo zake bado hazijakomaa, huweza kupita saa tano na zaidi. Na mtoto ambaye figo zimeumia kwa ugonjwa au kwa kukauka maji, dawa hubaki ndani kama maji ya ziwa yasiyo na mlango. Lakini cha kustaajabisha ni kuwa wako watoto wengine mahututi ambao figo zao, badala ya kulegea, hufanya kazi kupita kiasi. Dawa hutoka upesi kabla ya kumaliza kazi yake. Watoto wawili wenye kilo sawa, katika vitanda viwili vilivyopakana, mmoja dawa inamzidi na mwenziwe inampungukia, na kwa kuwatazama usoni huwezi kuwatofautisha.

Habari ya figo kutoa dawa ilijulikana tangu mwanzo kabisa. Mwaka 1941, kule Oxford nchini Uingereza, askari polisi aitwaye Albert Alexander alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutibiwa kwa penisilini. Akapata nafuu ya ajabu. Dawa ilikuwa haba mno, hata wataalamu wakawa wanakusanya mkojo wake, wanaitoa penisilini iliyomo, na kumdunga tena. Dawa ikawaishia kabla ya maradhi kwisha, naye akafa. Penisilini ilikuwa inatoka mwilini mwake kwa kasi hiyo!

Kutokana na hayo wataalamu wamezigawa dawa hizi kwa namna zinavyoua. Gentamisini huua kwa kishindo: inatakiwa ipande juu sana katika damu kwa muda mfupi, kisha ishuke kabisa kabla ya dozi nyingine. Penisilini, ampisilini na seftriaksoni huua kwa kukaa: hazihitaji kupanda juu sana, lakini zinatakiwa zisiondoke. Ndiyo maana ya kwanza hutolewa mara moja kwa siku, na ampisilini kila baada ya saa sita. Mama aliye wodini akiona muuguzi anakuja saa sita ya usiku kumwamsha mtoto aliyelala, asikasirike wala asiombe iachwe hadi asubuhi.

Hapa pana jambo linalozihusu nyumba zetu hasa. Wengi wetu tumezoea kupanga dawa za nyumbani kwa nyakati za sala: alfajiri, adhuhuri, magharibi. Ni mazoea mazuri ya kukumbuka, lakini nyakati za sala hazikugawanywa kwa saa sawasawa. Kutoka adhuhuri hadi magharibi ni takriban saa sita. Kutoka isha hadi alfajiri ni karibu saa kumi. Dawa iliyoandikwa kila baada ya saa nane au sita itazamiwe saa ya ukutani au ya simu.

Sasa tuje kwenye madhara ya kuzidi. Mwaka 1959 madaktari wa Los Angeles, Marekani, walitoa habari iliyoutikisa ulimwengu wa tiba. Watoto waliozaliwa kabla ya siku zao walikuwa wakipewa dawa za bakteria kwa ajili ya kinga tu. Waliopewa kloramfenikoli, zaidi ya nusu walikufa. Wasiopewa dawa yoyote, waliokufa ni karibu mmoja tu katika watano. Watoto walivimba tumbo, rangi ikawa ya kijivu, wakazimia. Ini la mtoto yule halikuwa na uwezo wa kuivunja dawa, nayo ikarundikana siku hata siku. Kipimo kilikuwa kimechukuliwa kwa watu wakubwa na kugawanywa kwa kilo, kana kwamba mtoto ni mtu mzima aliyepunguzwa urefu.

Gentamisini nayo, iliyogunduliwa mwaka 1963, ina madhara yake mawili: huumiza figo, na huua vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio ambavyo ndivyo vinavyotusikilizisha. Figo aghalabu hupona. Vinyweleo vya sikio havioti tena. Tena ziko familia ambazo, kwa urithi utokao kwa mama, huweza kupoteza usikivu hata kwa kipimo kilicho sawa. Ikiwa katika ukoo wa mama yupo aliyekuwa kiziwi baada ya kudungwa sindano, daktari aambiwe. Si aibu, wala si laana kama wengine wanavyonong'ona.

Njia ya kuyakwepa haya ni kuipima dawa yenyewe ndani ya damu. Kwa gentamisini, huchukuliwa damu kidogo kabla ya dozi inayofuata. Katika hospitali nyingi hutakiwa isizidi miligramu 1 katika lita. Nyingine huruhusu hadi 2. Ikizidi, dozi husogezwa mbele, na figo huchunguzwa. Lakini mtoto wa kilo 2 ana damu ya mililita 160 hivi mwilini mwake, haijazi hata glasi ya chai. Huwezi kumtoboa kila saa.

Wataalamu wa Kilifi walipata hila njema. Huchukua damu mara chache tu kwa kila mtoto, huyu saa ya kwanza, yule saa ya nne, mwingine kabla ya dozi, kisha kwa hesabu huziunganisha habari za watoto wote wakapata picha moja ya jinsi dawa inavyopanda na kushuka. Mwaka 2004 walichapisha ulinganisho wa watoto wachanga waliopewa gentamisini mara moja kwa siku na waliogawiwa mara kadhaa: ile ya mara moja ilipanda vizuri zaidi, na ilishuka vizuri zaidi. Mwaka 2007 wakatoa habari ya watoto wenye utapiamlo mkali, ambao uzito wao hudanganya, kwani kwashakoo huvimbisha mwili kwa maji. Walikuwa watoto 34, na ikaonekana kuwa miligramu 7.5 kwa kilo mara moja kwa siku inawafaa. Lakini mwaka 2011, walipochunguza siprofloksasini ya kunywa kwa watoto 52 wenye utapiamlo, hesabu ilionyesha kuwa miligramu 10 kwa kilo mara mbili kwa siku huenda isitoshe, na wakapendekeza mara tatu. Dawa moja ilithibitishwa, nyingine ikasahihishwa, na bila kupima lisingejulikana lolote katika hayo mawili. Tena katika miaka ya 2018 na 2019, huko huko Kilifi, walijaribu kwa watoto wachanga 120 dawa ya zamani iitwayo fosfomaisini, kwa kuwa ampisilini na gentamisini zinaanza kushindwa na baadhi ya bakteria, na humo pia damu ilipimwa ili kipimo kijulikane kabla ya kuitegemea.

Nionavyo, kazi hii ya Kilifi ni fahari ya Afrika ya Mashariki nzima, na inastahili kujulikana majumbani kama yanavyojulikana majina ya wachezaji mpira.

Liwepo neno moja juu ya wale wanaoamini kuwa kilicho kingi ndicho chema. Kati ya mwaka 2009 na 2011 ulifanywa utafiti mkubwa katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwamo Teule ya Muheza. Watoto mahututi 3,141 waligawanywa: wengine walimiminiwa maji mengi ya mshipa kwa haraka, kama vitabu vya tiba vilivyokuwa vikifundisha, wengine waliachiwa ya pole pole. Ndani ya saa 48 wale wa haraka walikufa zaidi ya 10 katika kila 100, na wale wa pole pole 7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Yale yalikuwa maji tu ya dripu, seuze dawa.

Kwa kawaida hospitali za wilaya hazina mashine ya kupima gentamisini katika damu. Vipo vipimo vingine visivyo vya mashine: mizani, saa, mkojo, na macho ya mama. Mtoto aliyekojoa vizuri tangu asubuhi ni dalili kuwa figo zafanya kazi. Aliyeacha kukojoa kwa nusu siku, habari hiyo ni ya kumkimbilia muuguzi, si ya kungoja daktari apite. Kuhesabu nepi au vitambaa vilivyoloa si kazi duni. Mtoto mchanga aliye na manjano ya macho nayo isemwe mapema, kwani seftriaksoni yaweza kumdhuru mtoto wa namna hiyo, nayo haichanganywi kabisa na dripu yenye kalsiamu kwa watoto wachanga.

Jambo jingine ni la mpakani. Hapa kwetu watu huvuka daraja la Songwe asubuhi na kurudi jioni, na dawa huvuka pamoja nao. Mtoto hupewa vidonge nusu nusu vya siku mbili kutoka duka la upande huu, kisha dawa ya maji kutoka upande wa Malawi, kisha bibi akaongeza mizizi yake, na ndipo hospitali. Wengine huficha hayo kwa kuogopa kukaripiwa. Daktari asiyejua kilichotangulia hukadiria gizani: damu ikioteshwa huenda bakteria wasionekane kwa kuwa wameduwazwa na vidonge vile, na dawa mbili zenye kuumiza figo huweza kukutana bila mtu kujua. Paketi tupu, hata ikiwa imekunjamana, itiwe mfukoni iende na mtoto. Kadi ya kliniki yenye uzito wa mwisho nayo iende.

Ama kumdunga mtoto sindano nyumbani kwa mkono wa jirani "anayejua", hilo ni la kukataza bila ya kubembeleza, kwa sababu zile hesabu za matone matatu.

Akizidiwa Kyela hupelekwa Mbeya, na njia hupanda milima ya Tukuyu kwa saa nyingi. Kabla ya gari kuondoka, anayemsindikiza mtoto aiombe barua ya rufaa na aisome, au amwombe kijana aliyesoma amsomee. Ikiwa imeandikwa "gentamisini" peke yake, daktari wa Mbeya atakuwa baina ya mambo mawili: ampe dozi nyingine upesi na kuzihatarisha figo na masikio, au angoje na kuwaachia bakteria usiku mzima. Ikiwa imeandikwa "gentamisini miligramu 45, saa nne asubuhi, uzito kilo 6, amekojoa mara mbili", ataanzia hapo kuhesabu saa zake.